Damu ya Hilda

Hilda alikuwa shetani jike, mweusi tii, mwenye baka jeupe kifuani. Siku ya kwanza tulipomtoa mtegoni alimng'ata Merrin kidole mpaka nikasikia mfupa ukilia. Merrin hakupiga kelele. Alikaza meno, akasubiri mnyama achoke, kisha akakichomoa kidole chake polepole na kuniambia kwamba safari nyingine nilishike gunia vizuri, maana vidole vyenyewe vimebaki tisa.

Kwetu Tasmania shetani si yule wa mahubiri. Ni mnyama wa porini, kimo cha mbwa mdogo, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, na taya zinazovunja paja la kondoo kama mtu anavyovunja muwa. Chakula chake ni mizoga. Wakikutana kwenye mzoga mmoja hung'atana nyuso huku wakilia mayowe ya kumtia mtu baridi mgongoni, na msimu wa kupandana dume humburura jike kwa ngozi ya shingo. Hakuna shetani mzima asiye na makovu usoni. Humo katika kung'atana ndimo inamopita saratani yao. Haiambukizwi na virusi wala vijidudu. Seli yenyewe ya saratani, ikiwa hai, hutoka kwenye kidonda cha huyu ikaingia kwenye kidonda cha yule na kuota humo. Uvimbe hula shavu, hula jicho, mwisho huziba kinywa, na mnyama hufa njaa akiwa amesimama mbele ya nyama.

Mimi na Merrin Pascall tulikuwa tunasomea uzamivu katika maabara moja mjini Hobart, meza zetu zikitazamana. Mimi nilishughulika na jambo dogo la jinsi seli inavyojigawa, jambo ambalo hata mama yangu aliacha kuniuliza. Merrin alikuwa na swali kubwa. Seli ya mwili huvaa alama zake juu, kama mtu avaavyo kitambulisho, na askari wa mwilini huzisoma alama hizo ili kumjua mgeni. Saratani ya mashetani imevua vitambulisho vyake, ndiyo maana askari huipita kama mtu wa nyumbani. Merrin alitaka kujua nini kingeweza kuilazimisha ivivae tena.

Ndipo akapatikana Hilda. Uvimbe wake ulikuwa chini ya sikio la kushoto, mkubwa kama limau, na kila tulipomkamata upya tulikuta umenywea zaidi. Alikuwa anapona. Wanyama wa namna hiyo ni wachache mno, na huyu mmoja Mungu alimweka katika shamba la kondoo la kaka yake Merrin, huko Marrawah, kaskazini-magharibi, ambako upepo hautulii na miti yote imeinama upande mmoja.

Kaka mtu aliitwa Corbin. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye mkono wa kulia uliopinda kidogo kwenye kiwiko, na maneno yake yalikuwa machache na ya kuchoma. Mimi aliniita Bwana Sindano tangu siku ya kwanza. Kuhusu ule mkono, Merrin alinisimulia tukiwa barabarani. Baba yao alikuwa mtu wa kipigo. Alipiga kwa bomba la plastiki, kwa mkanda, kwa chochote kilichokuwa karibu. Jioni moja alimtafuta Merrin kwa sababu ya lango lililoachwa wazi. Msichana akajificha chini ya banda la kukatia manyoya, na Corbin akasimama mlangoni akasema ni yeye aliyeliacha. Mkono ulivunjwa siku hiyo, haukupelekwa hospitali, ukaunga ulivyotaka wenyewe. Mzee alipokufa, Corbin alibaki na shamba na Merrin akaenda chuo. Merrin alisema kwamba hakuna aliyewahi kumpenda kama kaka yake, na kwamba anamwogopa.

Corbin alituruhusu tutege kwa sharti moja, watu wa serikali wasijue. Aliogopa kwamba wakisikia kuna mnyama adimu shambani kwake watamfungia malisho ya bondeni, yale yenye maji. Merrin alimpa neno lake.

Mambo yaliharibika majira ya kondoo kuzaa. Mvua ya baridi ilipiga wiki nzima, wana-kondoo wakazaliwa kwenye tope, na mashetani wakawafuata. Corbin alimkuta kondoo jike amelala chali, mtoto ametoka nusu, na vyote viwili, ulimi wa mama na uso wa mtoto, vimeliwa wenyewe wakiwa hai. Alimmaliza kwa kisu. Tulipofika sisi asubuhi kuangalia mitego, tuliona shetani dume ametundikwa kwa waya kwenye uzio wa lango, amepasuliwa toka koo hadi mkia.

Merrin alishuka kwenye gari akamtazama. Hakuwa Hilda. Alikwenda moja kwa moja hadi bandani alikokuwa kaka yake, nami nikamfuata nyuma.

Alimwuliza kama anajua kwamba ni kosa la jela. Corbin, bila kuinua macho kwenye jiwe alilokuwa akinolea, alimwuliza kama wana-kondoo wake nao wana sheria inayowalinda. Merrin akasema wanyama wale wanakwisha duniani. Corbin akasema hata yeye anakwisha na hajaona mtu wa chuo akija kumpima damu. Walirushiana maneno hivyo, sauti zikipanda, mpaka Merrin akasema neno ambalo nadhani hakulikusudia.

"Umekuwa kama baba."

Corbin aliweka kisu chini kwa utaratibu kabisa. Kisha akampiga kofi lililomwangusha juu ya rundo la manyoya. Nilijitupa kati yao, jambo la kijinga kwa mtu wa umbo langu, na ngumi yake ikanikuta mdomoni. Nilitema meno mawili kwenye kiganja changu. Ladha ya damu ilinijaa mpaka kooni. Nilipoinua kichwa, Corbin alikuwa ametoka nje, na kupitia mlango nilimwona akipiga ukuta wa mabati kwa ngumi ileile, mara kwa mara, mpaka bati likabonyea na kuchafuka damu.

Tuliporudi Hobart, bosi wetu wa maabara, Profesa Hesper Lidgard, aliuangalia uso wa Merrin na mdomo wangu akafunga mlango wa ofisi. Hesper alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini, mpole kwa sauti na mgumu kwa maamuzi. Merrin hakumficha kitu. Alimweleza yote, akamwomba avute subira: sampuli moja tu imebaki, uvimbe umeshakuwa kama punje ya haragwe, wakiukata sasa watawakuta askari wa mwilini wakiwa kazini. Baada ya hapo mnyama achukuliwe na yeyote anayemtaka.

Hesper alisema mnyama anaweza kupigwa risasi kesho, na mwanafunzi wake keshokutwa.

"Nilimpa neno langu," Merrin akasema.

"Wewe ulimpa. Mimi sikumpa mtu neno."

Akapiga simu idara ya wanyamapori siku hiyohiyo. Sikuweza kumlaumu, na hata leo siwezi. Ofisa mmoja kijana alikwenda Marrawah akiwa na viatu vipya, akakagua bonde, akamwambia Corbin kwamba atarudi na kizimba cha kumchukulia mnyama, na kwamba huenda malisho yale yakafungwa kwa muda. Merrin alipopata habari alijaribu kumpigia kaka yake mara nyingi. Simu haikupokelewa. Basi tukapakia sanduku la barafu, chupa, visu na sindano, na chombo cha nitrojeni ya kugandishia seli, tukaondoka ili tumfikie Hilda kabla ya kizimba. Na kabla ya Corbin.

Tulifika kukiwa kumekucha, jua jeupe lisilo na joto. Mtego wetu ni bomba nene la plastiki lenye mlango unaoanguka mnyama akivuta nyama iliyo ndani. Ule wa bondeni ulikuwa umefungwa. Corbin alikuwa ameketi juu yake kama mtu aliyeketi kwenye gogo, bunduki mapajani. Kutoka ndani tulisikia Hilda akikoroma na kukwaruza.

Merrin alinipa ishara nisimame. Alimwendea polepole, viganja wazi.

"Kaka, si mimi niliyewaita."

"Mdomo wako ndio uliowaita."

"Nisikilize kidogo tu. Nikate kipande kimoja, nitoe damu, halafu niondoke naye. Hutamwona tena. Hutaniona tena mimi pia ukitaka."

"Miaka yote nimekaa hapa," Corbin akasema. "Nimekula fimbo zangu, nikala na zako. Nikasema sawa, mdogo wangu akasome. Umesoma. Sasa unaniletea watoto wa serikali waje kunionyesha mpaka wa shamba langu."

Alisimama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Merrin aliona kabla yangu. Alipiga kelele ya "Hapana!" na kukimbia, lakini Corbin alikuwa ameshachomeka mdomo wa bunduki kwenye tundu la kupumulia. Mlio ulikuwa mfupi na mzito kwa sababu ya bomba. Moshi ukatoka pande zote mbili. Mkwaruzo ukakoma, ukaanza tena kwa udhaifu, ukakoma.

Kando ya mtego palikuwa na nguzo za chuma za uzio, zimelazwa tayari kwa kazi ya siku hiyo. Merrin aliokota moja. Sikumwona akiinama, nilimwona tu akiwa ameinyanyua kwa mikono miwili. Corbin alikuwa anageuka kumwambia kitu. Chuma kilimpata usoni, juu ya shavu, kwa sauti kama ya kuni mbichi inayopasuka, naye akaanguka kwa magoti. Bunduki ikaruka majanini. Merrin akampiga tena begani. Akanyanyua mara ya tatu, na hapo nikamfikia nikaikamata nguzo kwa nyuma. Tulivutana. Alikuwa na nguvu ambazo sikuzijua, na macho yake yalinipita kana kwamba mimi ni ukungu. Kisha mikono yake ikalegea, nguzo ikabaki kwangu.

Corbin alikuwa amejishika uso. Damu ilimpita kati ya vidole, nyeusi na nyingi, na kilichokuwa jicho la kushoto sitakieleza.

Nilimtazama Merrin nikitegemea kwamba atapiga magoti kwa kaka yake. Alipiga magoti penye mtego. Alifungua mlango, akamvuta Hilda kwa mkia na kumlaza kwenye majani. Risasi ilikuwa imeingia ubavuni na kutokea nyuma. Mnyama alikuwa bado na joto, mguu mmoja ukitetemeka.

"Lete sanduku," akaniambia.

"Merrin, kaka yako..."

"Mfunge kidonda wewe. Moyo wa Hilda ukisimama damu itaganda. Lete sanduku!"

Nilileta. Mungu anajua kwa nini, lakini nilileta, nikalitua karibu yake, kisha nikavua shati na kulikandamiza usoni kwa Corbin. Kwa mkono mwingine nilipiga simu ya gari la wagonjwa. Waliniambia lingetoka Smithton, tusubiri. Nilimlaza kichwa mapajani mwangu. Alitetemeka mwili mzima. Alikuwa mtu mzito, na kila alipohema, povu la damu lilimtoka puani.

Nikiwa hapo nilimwona Merrin akifanya kazi. Alitia sindano ndefu chini ya mbavu za Hilda, akaupata moyo mara ya kwanza bila kubahatisha, akavuta damu mpaka ikagoma. Alinyoa manyoya chini ya sikio, akakata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima, akaugawa vipande kwa kisu kidogo. Vingine alivitia kwenye maji ya lishe ya rangi ya waridi, vingine kwenye nitrojeni, ambayo ilichemka na kutoa mvuke mweupe uliotambaa juu ya majani hadi miguuni petu. Akakata tezi za shingoni. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Kwenye mikono hiyo damu ya mnyama na ya mtu zilikuwa zimeshachanganyika, maana ya Corbin ilikuwa imemrukia alipompiga kwa nguzo.

Corbin aliita kutoka chini ya shati.

"Merry." Hilo ni jina la utotoni, sikuwahi kulisikia kabla ya hapo. "Merry, sioni. Mdogo wangu, sioni."

Alimsikia. Najua alimsikia kwa sababu bega lake lilishtuka. Lakini alikuwa ameshika tezi ya mwisho kwa koleo, na alimaliza kuikata, akaitia chupani, akakaza kifuniko. Ndipo alipokuja. Alipiga magoti akamshika kaka yake mkono, ule uliopinda. Corbin akauchomoa, akageuza uso wake kwangu, akaubana kwenye tumbo langu kama mtoto anayekataa dawa. Tulikaa hivyo watatu mpaka gari likaja.

Polisi walimchukua Merrin pale pale. Sanduku waliniachia mimi. Niliendesha hadi Hobart bila kusimama, nikazitia seli kwenye kabati la joto huku Hesper akisimama nyuma yangu. Nilipomaliza, aliuliza kama Merrin ana wakili.

Kesi ilisikilizwa Burnie. Jicho la Corbin lilikuwa limeondolewa, shavu limeshikwa kwa vyuma. Kila mtu alitarajia atammaliza dada yake. Alipopanda kizimbani alisema kwamba yeye ndiye aliyeanza kupiga, siku ile bandani, na kwamba alikuwa na bunduki mkononi, na kwamba mtu yeyote angeogopa. Mwendesha mashtaka alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Alisema ana hakika. Hakumtazama Merrin hata mara moja. Merrin alipewa kifungo cha nje. Corbin alitozwa faini kwa kuua mashetani wawili, na leseni yake ya bunduki ikachukuliwa.

Na seli zikaota. Zile za uvimbe ziliota kwanza, kisha askari waliotoka kwenye tezi wakaamka. Merrin alirudi maabara amekonda, haongei, anakuja kabla ya watu na kuondoka baada yao. Kazi ilikwenda kwa kasi ya kutisha. Aligundua kwamba askari wa Hilda walikuwa wanatoa kemikali moja, na kemikali hiyo ikizigusa seli za saratani, zinavaa vitambulisho zilivyovivua. Zikishavivaa, zimekwisha.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja, Corbin alitokea mlangoni kwetu. Alikuwa amekuja hospitali kuangaliwa vyuma vyake. Nilisimama nikiwa nimeshika kiti, sijui kwa kukikalia au kwa kujikinga. Alivaa koti safi na kitambaa cheusi juu ya tundu la jicho.

"Tulia, Bwana Sindano," akasema. "Sijaja kukutoa yaliyobaki."

Alimwambia Merrin kwamba anataka kuona. Hakusema nini. Merrin alichukua sahani ya seli kutoka kwenye kabati la joto, akaiweka chini ya hadubini, akamrekebishia urefu wa kiti. Corbin aliinama na jicho lake moja.

Nilijua anachokiona. Seli za saratani zimetandaa kama mawe ya mto, na katikati yake askari wadogo wa mviringo wanajongea, wanagusa, wanapita. Kisha mmoja anagusa na hapiti. Anang'ang'ania. Seli kubwa inajikunja, inatoa mapovu ngozi nzima, inachanika, inamwaga tumbo lake lote nje. Na askari anakwenda kwa inayofuata.

Corbin alitazama kwa muda mrefu sana.

"Zinauana," akasema.

"Ndiyo. Wale wadogo ni wa Hilda."

Aliinua kichwa, akafuta jicho lake kwa kidole gumba. Alisema ile nguzo alishaisamehe zamani. Alipigwa na baba kwa makosa madogo kuliko lile, na siku ile alijitakia pigo, naye alilijua hilo. Kisha akamgeukia Merrin.

"Lakini nilikuita, Merry."

"Nilikusikia."

"Ungeanza na mimi."

Merrin alikuwa amesimama wima, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe. Angeweza kusema uongo mdogo wa huruma, na mimi nilimwomba kimoyomoyo auseme.

"Ningeanza na wewe, hizi zingekufa," akasema. "Na jicho lako lilikuwa limeshakwenda. Niliona."

"Najua. Daktari naye aliniambia hivyo." Corbin alivaa kofia yake. "Ndiyo maana hilo siwezi kulisamehe. Kama ungekuwa umechanganyikiwa, ningeweza."

Alinipa mkono mimi, akapita mbele ya dada yake na kutoka. Merrin alirudisha sahani kwenye kabati, akafunga mlango wake kwa uangalifu, akaketi sakafuni kati ya meza zetu mbili. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu, akijipiga paja kwa ngumi, mpaka Hesper akaja akakaa naye chini, sketi yake nzuri kwenye vumbi, akamkamata ile mikono.

Merrin amehitimu uzamivu sasa, na ana maabara yake Brisbane. Dawa ya mashetani bado inatengenezwa. Baadhi ya wanyama waliochanjwa wamepona, wengine wamekufa vilevile.

Corbin alikubali mitego irudi bondeni kwake, ila si kwa mkono wa Merrin. Kwa hiyo kila majira ya baridi ninakwenda mimi. Hunipa chai na mkate wenye nyama ya kondoo, hunishikia gunia, na ameshang'atwa mara mbili bila kumlaani mnyama. Kuhusu dada yake huniuliza neno moja tu, tunapofunga mizigo, akiwa ametazama pembeni.

"Hajambo?"

Nami humjibu kwamba hajambo. Naye huitikia kwa kichwa, akaenda kuwafungulia kondoo.